Jibu Nililomjibia Bibi Yako

Maposeni, Jumapili alasiri

Otilia mwanangu,

Barua zote nilizopata kuandika zilianza kwa maneno yale yale: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Niliandika hivyo hata siku ambazo nilikuwa kitandani na homa. Leo nimeiacha nafasi hiyo wazi. Nitairudia mwishoni, kama nitafika mwishoni.

Umekwenda Songea mjini na mama yako kuchukua gauni lako kwa fundi, na basi lako ni kesho alfajiri. Nina saa chache za kuwa peke yangu hapa barazani. Sitasema habari za sabuni, wala chandarua, wala kutokula kwa watu usiowajua. Mama yako amekuimbia hayo wiki nzima, na kila ulipomjibu "Nimesikia, mama," alianza upya. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni la bibi yako, mama yangu, ambaye hukumwona. La pili ni la mwili wangu mimi, nalo ndilo linalonifanya niandike badala ya kusema. Lakini la pili haliwezi kueleweka bila la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Juzi wakati wa kula ulituambia kwamba wasichana wa bombani wamekupa jina. "Baba, wananiita Dokta Beseni." Ukamwiga mmojawapo, mkono kiunoni: "Dokta Beseni, ukifuzu utatupimia mikojo kwa kikombe au kwa debe?" Mama yako alicheka hadi akapaliwa. Kisha ukasema polepole, ukitazama sahani: "Kwani ni uongo? Mwaka mzima nakwenda kusomea kumwaga mikojo ya watu."

Nikaliacha tonge, nikatoka nje. Najua ulidhani nimekasirika kwa sababu matokeo yako hayakufika kwenye uuguzi wenyewe, ukalazimika kuanzia chini, kwenye uhudumu wa afya, ili baadaye upande. Sikukasirika. Nilisikia neno beseni, na neno hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini bila kumwambia mtu, hata mama yako.

Unajua kwamba tulivuka Ruvuma tukikimbia vita vya kule ng'ambo. Hilo nilikuambia, kwa sentensi moja, ulipoliuliza ukiwa darasa la tano. Nilikuwa na miaka saba hivi. Tulivuka mimi na mama. Baba alibaki. Sijui alibaki wapi.

Neno la kwanza la Kiswahili alilolijua mama lilikuwa hapana. Tulilisikia kila tulipofika. Kuna pa kulala? Hapana. Kuna mtu wa kwenu hapa? Hapana. Alilishika upesi, kwa kuwa ni neno lisilohitaji sarufi. Zaidi ya hapo hakuendelea sana. Alilima, aliuza mihogo, alisali na aligombana, yote kwa Kinyanja, lugha ambayo watu wa hapa huiita Kinyasa. Mimi nilikwenda njia nyingine. Nilijifunza Kiswahili kama mtu anayekandika nyumba ya udongo, tope juu ya tope, mpaka pasionekane ufa. Nilipopata kazi ya kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, nilisoma kila kitabu kilichopita mikononi mwangu, hata vya ufugaji wa nyuki, ili niongee vizuri kuliko wenyeji na mtu asipate sababu ya kuniuliza kwetu ni wapi. Aliyeuliza nilimjibu, "Hapa hapa." Na mama nilimwomba tukiwa sokoni asiniite kwa sauti. Alikubali. Tukifika sokoni alikuwa akinivuta shati.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi alipoanza kukonda. Nikampeleka hospitali. Sitaitaja ni ipi, maana kosa halikuwa lao. Tulikaa kwenye benchi refu, watu wamebanana, na muuguzi mmoja kijana, si mtu wa mkoa huu, alikuwa akipita na karatasi zake akiuliza kila mgonjwa mbele ya wenzake, kama ilivyokuwa desturi siku zile.

"Bibi, unaumwa nini?"

Mama akashika kiuno, akasema, "M'mimba mukuwawa."

Otilia, kwetu mimba ni tumbo. Tumbo lolote, la mtoto, la mwanamume, la mbuzi. Alikuwa anasema tumboni panamuuma. Lakini muuguzi alisikia Kiswahili. Akaligeukia benchi akiwa ameshika mdomo. "Jamani, bibi ana mimba!"

Benchi likalipuka. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni akasema, "Mungu mkubwa! Huyu ni Sara wa kwenye Biblia!" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akadakia, "Muulizeni kwanza mwenye mzigo ni nani, asije akakimbia!" Mama yangu alitazama huku na huku, kisha akatabasamu, akidhani kuna jambo jema limesemwa juu yake.

Nami nikacheka. Wala si kwa bahati mbaya, kama mtu anavyoweza kuponyokwa na kicheko. Nilicheka kwa sauti, nikahakikisha wamenisikia, ili niwe wa benchi, nisiwe wa kwake.

Halafu nikasema, kwa Kiswahili changu kile kilichokandikwa, "Ni tumbo tu, sista. Anasema tumbo."

Muuguzi akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa kazi, nilimwona. Akainama kidogo, akapunguza sauti. "Anatokwa na damu huko chini? Muulize."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Kwetu mtoto wa kiume hasikii habari za nguo wala za damu ya mama yake. Maneno hayo yana mlango wake: dada zake mama, wanawake wazima wa ukoo. Mlango wetu ulibaki ng'ambo ya mto. Ningeweza kumwambia muuguzi atafute mwanamke anayejua Kinyasa, na Songea hawakosekani. Lakini hilo lilikuwa sawa na kusimama mbele ya benchi na kutangaza sisi ni nani. Ningeweza kuuliza mwenyewe. Ni neno moja, magazi, yaani damu, nalijua mpaka leo. Mama alikuwa amekaa shibiri moja kutoka kwangu, bega lake likigusa bega langu. Sikugeuza hata shingo.

Nikasema, "Hapana."

Muuguzi akaandika.

Tulipewa dawa za minyoo na vidonge vya maumivu. Tulirudi tena baada ya miezi, na tena, na kila mara walisoma karatasi ile ile na jibu langu lilikuwa limekwisha kukaa pale, kwa wino, linanisubiri. Hakuna aliyeuliza tena swali ambalo lilikwisha jibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikijalidi vitabu, mwanangu. Nilijua kuliko wengine jinsi neno likishachapwa linavyopata nguvu ambayo halikustahili.

Mwishowe alilazwa. Wodini kulikuwa na mhudumu mmoja, mwanamke mnene wa kando ya ziwa, ambaye wauguzi wenyewe walimwita Mama Beseni. Kazi yake ilikuwa kuosha wasiojiweza, kubadili mashuka, kumwaga vinavyomwagwa. Hakuna aliyemwuliza neno juu ya ugonjwa wa mtu. Siku ya pili nilisimama nje ya pazia wakati anamwosha mama. Mama akaguna. Yule mwanamke akasema, "Pepani, amai."

Pole, mama. Ndivyo alivyosema, kwa Kinyanja. Maji yakadondoka kwenye beseni. Kisha mama yangu akaanza kuongea. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu utoto wangu, haraka, kwa mapana, akirudi nyuma kusahihisha, akitia na utani. Wakati fulani walicheka wote wawili. Kichwa chake nilikuwa nikikijua kama kichwa cha mtu asiye na maneno. Kumbe maneno yalikuwepo, ila mimi ndiye niliyekaa mlangoni nimelibana komeo.

Mama Beseni akatoka, akaliweka beseni chini. Lilikuwa limefunikwa kitambaa.

"Wewe ndiye mwanawe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako anatokwa na damu tangu mwaka juzi. Kwenye karatasi imeandikwa hatokwi. Nani alisema?"

Nikatazama kile kitambaa.

"Ulimuuliza au ulimjibia?"

Nikainama kulichukua beseni nimsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Amenikataza nisikuambie," akasema. "Anasema utaona haya. Lakini mimi nina watu kumi na wawili wa kuosha asubuhi hii, bwana, siwezi kubeba na haya zako." Akaliinua beseni. Alipofika mlangoni akageuka, na sauti yake ikawa imeshuka. "Na siku ile alikusikia. Neno hapana analijua."

Madaktari walikuja siku hiyo hiyo, wakamtazama upya, wakaandika upya. Walikuwa wapole sana, na upole wa madaktari, utakuja kuujua, mara nyingi ni habari mbaya. Hakumaliza mwezi. Siku zile za mwisho nilikaa karibu naye nikijaribu kuomba radhi kwa lugha yake, na nikagundua kwamba ninajua kuomba chakula, kuomba maji, kuomba kubebwa, lakini lugha yangu ilikuwa imekoma kwenye miaka saba. Mtoto wa miaka saba haombi radhi kwa jambo kama lile. Aliniangalia nikibabaika. Akanivuta shati, vile vile alivyokuwa akifanya sokoni.

Kosa hili sikulitubu kwa kubadilika. Ningependa kukuandikia kwamba nilibadilika. Wewe ulipozaliwa, nyumba hii ilikuwa ya Kiswahili tupu, na niliiacha hivyo. Wiki mbili zilizopita nilinunua daftari nikaanza kukuandikia maneno ya Kinyanja, angalau ya mwili na ya maumivu, uende nayo. Nilifika thelathini na sita. Nilikumbuka usipa, dagaa wa ziwani, nikakumbuka kichwa, jicho, damu. Nilitafuta neno la kuwashwa, nikakaa nalo mchana mzima, halikuja. Hakuna wa kumuuliza tena hapa jirani. Daftari liko kwenye sanduku lako, chini ya mashuka. Usilifungue ukitegemea makubwa.

Wala sikuambii kwamba utakuwa kama Mama Beseni. Sijui. Nimelala hospitali mwenyewe, nimeona. Wodi zimejaa, mikono ni michache, na mtu aliyechoka huwajibia wagonjwa bila kukusudia ubaya: huyu hana homa, huyu amekula, huyu amelala vizuri. Naogopa kwamba nawe utachoka. Naogopa kwamba utapanda ngazi, uwe muuguzi, upewe meza na karatasi, na siku hiyo utakuwa mbali zaidi na beseni, yaani mbali zaidi na mahali ambapo watu husema kweli. Ukiniuliza dawa ya hofu hiyo, sina. Nimesoma vitabu vingi na sikuikuta.

Sasa la pili.

Mwezi wa tatu ulinisindikiza zahanati kwa ajili ya mgongo. Umesahau, kwa sababu hakukutokea kitu. Tabibu alikuwa yule kijana mchangamfu. Akanipima presha, akaniminya mgongo, akauliza akikutazama wewe, "Mzee haja ndogo anapata vizuri?"

Ukasema, "Ndiyo, anapata."

Hukunigeukia. Na ungenigeukiaje? Mtoto wa kike hamuulizi baba yake habari ya haja ndogo. Nani alikufundisha hivyo? Mimi. Hata shule ya msingi nilikuwa nikikukaripia ukisimama karibu na mlango wa choo nikiwa ndani. Ulijibu haraka ili kunisitiri mbele ya mtu mgeni, na ilikuwa adabu, ilikuwa upendo. Shingo yako ilisimama vile vile kama yangu ilivyosimama kwenye benchi.

Na mimi nilikaa nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na mdomo, nina Kiswahili kinachozidi cha tabibu yule, ningeweza kusema, "Samahani, daktari, si hivyo." Sikusema. Nilifikiri, nikimkosoa ataona haya. Hapo ndipo nilipomwelewa mama, baada ya miaka yote ile. Nilikuwa nimejiuliza sana kwa nini alinyamaza wakati alilisikia lile neno. Kumbe ni jambo jepesi kabisa kulifanya. Unatazama chini tu.

Imekuwa miezi mingi sasa. Naamka mara tano, mara sita, na ninasimama pale nyuma ya nyumba nikisubiri kitu kisichokuja. Tangu Pasaka kuna damu. Mama yako hajui. Nafua mwenyewe, nimemwambia nazoea maisha ya uzee. Alhamisi iliyopita niliposema nakwenda kiwandani kuwasalimia wenzangu wa zamani, nilikwenda zahanati peke yangu. Nikaulizwa, nikajibu mwenyewe. Yule kijana uchangamfu ulimtoka. Akauliza, "Mzee, mbona hukusema tangu mwezi wa tatu?" Sikumjibu, maana jibu lilikuwa na jina lako ndani yake. Ameniandikia barua niende hospitali kubwa wakachukue vipimo. Nitakwenda Jumanne. Nimewahi kupokea vitabu kutoka shelfu za misheni ambavyo majalada yake yalikuwa mazuri, yanang'aa, na nilipovifungua vilikuwa vumbi tu, mchwa wamekwisha kumaliza kazi. Nilikuwa nikijua kwa uzito wake kabla ya kuvifungua. Ninajua uzito wa mwili huu.

Nimesita sana kukuambia. Kukuambia ni kukutwisha mzigo siku unayoanza safari. Kutokukuambia ni kukuacha siku moja uambiwe na mtu mwingine, mbele ya pazia, ameshika beseni. Hilo la pili nalijua lilivyo, na sikutakii. Usijitwike kosa. Ulichukua nilichokufundisha ukakitumia kwa upendo. Nawe usishuke njiani ukarudi. Hakuna utakachonifanyia hapa ambacho mama yako hawezi, na nafasi ya chuo haitakungoja.

Ni kweli pia kwamba nimeogopa. Ningeweza kukupa habari hizi leo ukirudi na gauni lako, tukiwa tumekaa. Badala yake barua hii naitia ndani ya daftari la maneno, nawe utaikuta ukifika. Nimeshindwa tena jambo lile lile, na mara hii sina kisingizio cha lugha.

Nawasikia mnakuja. Mama yako anamsimulia jirani habari za fundi, kwamba amekata mikono mifupi, na wewe unamwambia, "Mama, ndivyo zinavyotakiwa, mikono mirefu inaloa." Hiyo ndiyo sauti niliyotaka kuisikia. Ya mtu anayejua kwamba mikono yake italoa.

Ile nafasi niliyoiacha pale juu sitaijaza. Huko uendako watakuamkia kama watu wote wanavyoamkiana, na watakuuliza, "Baba nyumbani hajambo?" Ulimi utataka kukimbilia jibu, maana jibu la salamu hiyo ni moja tu. Uzuie. Waambie: sijui, ngoja nimuulize.

Baba yako